Mchanga Uliomwagwa Juani

Watu wa Butembo wananijua kwa mambo mawili: kelele na mchanga. Kelele nilizaliwa nazo. Mchanga niliutafuta mwenyewe, kule Eringeti, nyuma ya mashamba ya kakao, kwenye kilima kirefu ambacho malori yalikuwa yakikichimba ili watu wajengee nyumba. Jina langu ni Jokébed, mwanajiolojia, na siku niliyoushika mchanga ule kwa mara ya kwanza nilijua haukuletwa na mto. Mto hubeba kila kitu, kokoto na matope pamoja. Punje za mchanga huu zilikuwa sawasawa, kama unga uliochekechwa, na hivyo ndivyo upepo unavyofanya kazi. Tena upepo hauwezi kurundika kilima cha mchanga katikati ya msitu. Kwa hiyo zamani, pale penye miti mikubwa leo, palikuwa pakavu na wazi.

Profesa Muyisa, aliyesimamia kazi yangu chuoni, hakukubali. Si mtu mbaya, ni mgumu tu.

"Jokébed, ile ni muchanga ya muto," aliniambia ofisini kwake. "Kama unasema ni upepo, utuonyeshe ni ya wakati gani. Bila date, hatutakupitisha."

Haya, date, yaani umri wa mchanga. Punje ya mchanga ikifukiwa gizani, udongo unaoizunguka huichaji polepole, kama simu iliyoachwa kwenye chaja mbovu. Ikifukuliwa ikapigwa na jua, chaji yote inaisha papo hapo na hesabu inaanza upya. Maabara huitoa punje hiyo gizani, huimulika kwa taa maalumu, nayo hutoa mwanga mdogo. Ukiupima mwanga huo, na ukijua udongo wa pale unachaji kwa kasi gani, unapata ni miaka mingapi imepita tangu punje ilipoliona jua kwa mara ya mwisho. Sharti ni moja tu: njiani isipigwe na mwanga.

Basi nikapigilia mabomba mawili ya chuma kwenye ukuta wa kilima, moja juu, moja chini kabisa. La chini lingesema upepo ulianza lini, la juu lingesema ulikoma lini. Nikaziba ncha zake, nikayazungushia plastiki nyeusi na scotch nyeusi, utepe wa gundi. Madereva wa malori walikuwa wananisubiri niondoke. Kabla sijapanda pikipiki ya Asumani, dereva aliyenileta, ukuta ule ulikuwa umeshaangushwa na kupakiwa. Kilichobaki cha kilima changu ni kile nilichokuwa nimekipakata.

Sasa jifikirie wewe ndiye askari. Mabomba mawili ya chuma, yamezibwa huku na huku, yamefungwa plastiki nyeusi, kwenye mfuko wa mwanamke anayetoka upande wa Eringeti kuelekea Beni. Mtu mwenye akili zake angeona shida ilipo. Mimi nilikuwa nawaza upepo.

Kwenye kizuizi cha jeshi barabarani alisimama ajudan mmoja, mkubwa wa askari wa pale, jitu la kujaza mlango, jina lake Kadogo. Alifungua mfuko wangu, akarudi nyuma hatua mbili.

"Batu bote barudi nyuma! Mama, ushuke! Hii ni nini?"

"Ni muchanga, chef."

"Muchanga banafungaka hivi?"

Nilianza kumweleza habari za punje na giza. Ukweli ni kwamba nilimpigia kelele, na kelele zangu zilizidi kumtia shaka. Asumani naye alikuwa ameshainua mikono, anasoma dua. Kadogo hakumtuma mtu mwingine. Alilibeba bomba la juu mwenyewe, akaenda nalo nyuma ya viroba vya kujikingia, akakata scotch kwa kisu na kumwaga mchanga wote juu ya bati, kwenye jua la saa sita. Akausambaza kwa kiganja.

Kisha akacheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyepona. "Ni muchanga tu! Wallahi ni muchanga!"

Nililia. Sioni haya kusema. Wauza ndizi wa pale wakacheka mpaka wakashikana mabega, maana nani amewahi kuona mwanamke analilia mchanga katika nchi hii yenye mambo ya kweli ya kulilia? Lakini mimi niliona maelfu ya miaka yamefutwa kwa kiganja kimoja.

"Lete ya pili," Kadogo akasema.

"Hapana."

"Mama, bomu inaweza kuwa mu ya pili."

Alikuwa na haki, na hilo lilinikasirisha kuliko yote. Nikafuta machozi. "Nitafungula mimi. Mais hapana ku jua. Tutaingia chini ya bâche. Kama ni bomu, tukufe wote wawili."

Lori moja la viazi kutoka Musienene lilikuwa limesimama pale, na dereva wake akatuazima turubai shingo upande. Tukalitandaza juu ya nguzo za kizuizi, likawa kama kibanda. Nikaziba matundu kwa kikwembe nilichojifunga. Lakini gizani Kadogo angeona nini? Tochi ni marufuku. Mwanga mweupe hauna tofauti na jua. Mwanga mwekundu, ukiwa hafifu, hauiamshi punje. Nikamwambia Asumani aingize pikipiki kinyumenyume, afunike taa ya mbele kwa koti, atuachie ile nyekundu ya nyuma.

"Na usiguse frein!" nikamwambia. Taa ya breki ni kali.

"Yaya," akasema, kama mtu anavyomwita dada yake, "mi hata kupumua sipumue."

Chini ya turubai tulikuwa wanne: mimi, Kadogo, pikipiki na joto. Uso wake katika wekundu ule ulikuwa umelowa.

"Mwenzangu Delphin alifungula moja," akasema polepole. "Mwaka iliyopita. Ilikuwa ya chuma, kama hii. Mimi nilikuwa mbali kidogo."

Nikamwambia pole, na nilimaanisha. Kisha nikafungua ncha moja, nikamtilia kiganjani mchanga wa mwanzoni, ule ambao hutupwa hata hivyo kwa sababu uliona mwanga wakati wa kupigilia. Akaunusa. Nikampa spoki ya baiskeli niliyokuwa nayo mfukoni, akaichomeka bombani taratibu mpaka ikagusa upande wa pili. Haikukuta waya wala kitu kingine. Nikaziba, nikafunga upya, safu juu ya safu, na tukatoka tukiwa tumelowa jasho.

"Mama, unisamehe ya kwanza," akasema.

"Sikusamehe. Utakuja Butembo, useme mbele ya bakubwa bangu kitu ulifanya."

Ilikuwa hasira tu. Akanipa namba yake ya simu. Nami nikauzoa ule mchanga wa kwenye bati, nikaurudisha bombani, nikaupeleka maabara pamoja na ule mzima. Sikuwaambia watu wa maabara lipi lilimwagwa.

Siku ya kutetea kazi yangu ukumbi ulijaa. Mama yangu alikaa mbele na wamama wenzake wa kwaya. Nikaonyesha majibu. Bomba la chini: miaka elfu kumi na nane, wakati dunia ilipokuwa baridi na kavu. Bomba la juu: sifuri.

Profesa Muyisa aliegemea mbele, na nilijua kinachokuja.

"Kilima moja, mabomba mbili. Hapa miaka elfu kumi na nane, hapa zéro. Kama labo ilikosa hapa, juu ya nini tuiamini pale? Jokébed, na hii tu, siwezi kukupitisha."

Mama akainamisha kichwa.

"Labo haikukosa, Profesa," nikasema. "Mwenye zéro ameketi kule nyuma."

Watu wote wakageuka. Kadogo alisimama, shati la Jumapili likimbana mabega, kofia mkononi.

"Ni miye njo nilimwanga ile muchanga," akasema. "Ku barrière, mu jua ya saa sita. Mama alilia sana."

Ukumbi ukacheka, wamama wa kwaya wakapiga vigelegele bila hata kuelewa. Muyisa hakucheka. Aliitazama ile sifuri, akamtazama Kadogo, akairudia sifuri.

"Na labo hawakujua?"

"Hawakujua."

Akavua miwani. "Donc muchanga ilimuona, na labo ikajua bila kuambiwa," akasema, na akasaini karatasi ya kunipitisha.

Upepo wa Eringeti ulikoma lini, sitajua kamwe. Malori yamemaliza kilima. Ulianza lini, ninajua, na watu wananiamini kwa sababu ajudan mmoja alipanda basi kutoka Beni kuja kukiri kosa lake.