Nyumba Iliyodhaniwa Gofu

Palikuwa na mpiga picha aliyekuwa na studio ndogo karibu na bandari. Kazi yake ilikuwa picha za pasipoti, nayo ilimchosha kupita kiasi. Kutwa kucha kidevu juu kidogo, masikio yaonekane, usicheke.

Raha yake ilikuwa magofu. Ukungu ukipanda asubuhi kutoka baharini, yeye huyo, kamera begani, anatafuta ghala lililoanguka paa au hoteli iliyozibwa madirisha kwa mbao.

"Wenzako wanapiga picha maharusi," mkewe alimwambia, "wewe unapiga kuta zenye ukurutu."

Asubuhi moja aliikuta nyumba ya ghorofa kwenye barabara ya ufukweni. Plasta imebambuka, dirisha la juu linaning'inia kwa bawaba moja, majani yameota kwenye mfereji wa paa, na ukungu umeimeza hadi kiunoni. Akapiga picha. Akaichapisha kubwa, akaitia fremu, akaitundika kwenye kioo cha mbele cha studio, na chini yake akaandika: Walikwenda, Hawakurudi.

Watu walisimama kuitazama. Mmoja alifuta machozi. Mpiga picha akaanza kutembea kifua mbele.

Kisha akaingia mama mmoja mnene, mkunga mstaafu, mwavuli kwapani.

"Nani aliyekwenda asirudi?"

"Wenye nyumba, mama."

"Mwenye nyumba ni mimi. Nilikwenda sokoni, nikarudi."

Mpiga picha hakujua auweke wapi uso wake. Mama akamvuta hadi kwenye picha, akaigonga kwa ncha ya mwavuli.

"Hiki kivuli dirishani unakiona?"

"Nilidhani ni pazia."

"Pazia linapiga mswaki?"

Kumbe wifi yake alikuwa amepita hapo, akaiona picha, akaupigia simu ukoo mzima. Mwanawe, aliyeishi upande wa pili wa jiji na ambaye hajakanyaga kwa mama yake kitambo, alilia kwenye simu mpaka mama akawa ndiye wa kumbembeleza.

"Naiondoa sasa hivi," mpiga picha akasema.

"Uiondoe, waseme nimeshazikwa? Utakuja Jumapili uipige upya, ikiwa na watu."

Jumapili ukungu ulikuwa mzito hata akaipita nyumba. Sauti ikamrudisha: "Wewe mpiga picha! Unakwenda wapi?" Mama alikuwa amevaa nguo zake za sherehe. Amewapanga barazani mwanawe, mke wa mwanawe, na kaka yake mzee aliyekwisha kusinzia kitini. Ukisimama barabarani, humwoni hata mmoja.

"Haya, huo ukungu wako, uondoe."

"Si wangu, mama."

"Si ndio unaoupenda?"

Wakangoja. Mkunga hakuwa mtu wa kuvumilia mikono iliyokaa bure. Akampa mpiga picha bisibisi, akamtuma ghorofani akakaze lile dirisha. Kule ndani alishikwa na butwaa: sakafu inang'aa, mashuka yamenyooka, na jikoni vitunguu vinakaangwa. Akakaza bawaba kwa aibu. Dirisha likashika vizuri, ila mfereji wa paa uliokuwa umeliegemea ukaporomoka kwa kishindo, na majani yake yote. Mzee kitini akashtuka, akasema, "Karibuni!" akalala tena.

Ukungu ulipoondoka, jua liliimulika nyumba bila huruma. Nyufa zilizokuwa zimesitirika zikajianika zote. Mpiga picha akapiga moja, akamwonyesha mama kwenye kamera. Mama akaisogeza kamera karibu na macho.

"Kumbe ndivyo ilivyo," akasema taratibu. "Tangu mume wangu afariki napita mlango wa nyuma. Huku mbele sijasimama nikatazama."

Mwanawe naye akachungulia, akakuna kichwa. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Nyumba iko hapa hapa. Ungekuja ungeiona."

Mke wa mwana ndiye aliyemwokoa mumewe. "Tuipake rangi basi. Rangi ya maziwa itapendeza."

"Kijani," akasema mumewe haraka.

"Kijani! Hii ni nyumba au zahanati?"

"Na zahanati ina ubaya gani?" mkunga akauliza.

Wakashikana maneno, mikono hewani, kila mmoja akimwonyesha mwenzake ukuta uleule, mpaka mama mwenyewe akaangua kicheko, akaketi chini kwenye ngazi akishika mbavu. Mpiga picha akabonyeza. Hiyo ndiyo picha aliyoitundika studio, na simu za ukoo zikakoma.

Mwana akaanza kuja kila Jumapili na ndoo ya rangi, na mpiga picha, bila kujua alivyoingizwa, akajikuta ndiye mwenye brashi ya pili. Kijani ilishinda. Leo nyumba ni ya kijani hadi juu kidogo ya mlango. Huko juu zaidi haijaguswa, maana ngazi yao ni fupi, na kila anayetajwa akaazime ndefu huanza kuumwa mgongo.