Vihisi Viwili vya Mlangoni

Fundi aliingia kwa meneja bila kubisha hodi. Mkononi alikuwa na ndoo ya vihisi vya moto alivyoving'oa kwenye dari la ghala la pamba, vingine vimeyeyuka ubavu, na hasira zimempanda hadi utosini.

Meneja, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Asilimia kwa sababu hata salamu angeijibu kwa takwimu, alikuwa anamalizia barua ya kumfukuza mlinzi wa ghala. Kosa: kulala kazini mchana, moto ukala robo ya ghala. Mlinzi huyo alikuwa kaka yake fundi, na alikuwa ameungua mikono yote miwili akiburuta marobota ya pamba nje.

"Kaka hakulala," fundi alisema. "Moto ulianzia ndani kabisa ya robota, nani angeuona? Kihisi cha pembeni kiliona joto saa saba na dakika tisa. Nimesoma kumbukumbu yake. Kimeita mara arobaini na moja, hakuna aliyeitikia. Ndiyo maana kengele haikulia."

"Ripoti ya mwisho inasema asilimia tisini na tano ya vihisi ni vizima."

Almanusura fundi amrushie ndoo. Thelathini na nane kati ya arobaini vilikuwa vizima, sawa. Lakini viwili vilivyokufa vilikuwa vya mlangoni, jirani na mtambo wa kupokea ujumbe na kupiga kengele. Kihisi cha mbali huamka, hupima joto, hukipa kihisi jirani ujumbe, kisha hurudi kulala. Betri yake hukaa mwaka mzima. Vya mlangoni havipati usingizi, maana ujumbe wa vyote hupitia kwavyo. Vikifa, vingine vinapiga kelele bure. Mara tatu aliomba betri za mlangoni zibadilishwe kila baada ya miezi miwili. Mara tatu akajibiwa kwamba zote zitabadilishwa mara moja kwa mwaka, bila upendeleo. Bila upendeleo! Utadhani betri zina wivu.

Meneja aliinuka, akafunga mlango. "Dada yangu, tuongee kama watu wazima. Ile ripoti alisaini nani?"

"Mimi."

"Na ulijua viwili vilivyokufa ni vya mlangoni?"

"Nilijua. Wewe ndiye uliyeniambia nisaini tu, mengine tutaona mwezi ujao."

"Hilo halijaandikwa popote. Saini yako ipo. Ukiwapelekea wachunguzi hizo takataka, wa kwanza kuondoka ni wewe. Kaka yako hakosi lindo kwingine."

Kilichomchoma fundi ni kwamba mtu huyu asiye na haya, kuhusu saini, alisema kweli. Wiki tatu nzima alipita chini ya vihisi vile akijitia haoni, kisa anaogopa kugombezwa. Alijichukia kwa hilo. Jana kaka yake, mikono imefungwa bandeji, hakumlaumu hata kidogo. Alimuuliza tu, "Kengele yako ilipatwa na nini, mdogo wangu?" Naye akamjibu kwamba bado anachunguza.

Aliinyakua barua ya kufukuza, akaigeuza, akachukua kalamu ya meneja na kuanza kuandika mgongoni: Nilijua tangu wiki tatu zilizopita. Meneja alijua. Nilisaini.

"Unajiharibia," meneja alisema.

"Nimeshaharibu mikono ya kaka yangu," fundi alijibu, akaendelea kuandika.