Nyota ya Saba Haijibu

Bukari, ule ugali wa jana, ulibaki kiasi cha ngumi ya mtoto, na Nahum Kalombo aliugawa mara mbili. Nusu angeila adhuhuri. Nusu nyingine aliiponda kwa maji ndani ya kifuniko cha kopo, akaikoroga kwa msumari mpaka ikawa gundi, akaanza kubandika mkono wa mwanasesere uliokuwa umeng'oka. Alikitazama kile kifuniko, akakilamba ukingoni kidogo tu, akaona aibu, akaendelea na kazi.

Mwanasesere alikuwa kapteni wa meli. Si meli ya majini, ni ya angani, na ilijaza meza nzima: makopo ya sardini, vitufe vya taipureta iliyokufa, magurudumu ya lori la plastiki, vioo vya tochi, na juu kabisa spoku tatu za baiskeli zikiwa antena. Ubavuni palikuwa na herufi nyekundu: NYOTA YA SABA.

Alianza kuijenga na rafiki yake Tshimanga, wakati yeye ni karani wa mizigo stesheni ya Kamina na Tshimanga ni fundi wa simu hapohapo. Walipenda hadithi moja ya picha, ya Kifaransa, ya meli inayozunguka nyota kwa nyota ikitafuta dunia isiyo na mfalme. Gazeti lenyewe hawakuliona zima kamwe. Mama mmoja wa sokoni alikuwa amepata rundo la magazeti makuukuu, akawa anafungia karanga humo. Basi wanaume wawili wazima, mmoja mkuu wa kwaya ya Wamethodisti na mwingine baba wa familia, wakala karanga mpaka matumbo yakauma, ili tu wapate ukurasa. Wa thelathini ulikuja kabla ya wa nne. Wa mwisho haukuja kabisa.

"Haizuru," Tshimanga alisema. "Mwisho tutautengeneza shiye benyewe."

Mwaka wa tisini na tatu Wakasai wakaambiwa warudi kwao Kasai. Tshimanga alikuwa Mkasai, lakini alizaliwa hapohapo Kamina. Hiyo kwao hakuwahi kuiona hata kwa dirisha la treni. Alikaa stesheni wiki saba, juu ya saruji, pamoja na mkewe Noémie na binti yao Léonie, wakingoja behewa. Surua ilimwahi Léonie kabla ya treni. Siku hiyo Nahum alifika na sepetu. Zile wiki nyingine hakufika hata mara moja, maana aliogopa kuonekana, na jambo hilo halijamwacha mpaka leo. Walimzika mtoto nyuma ya bohari ya chumvi. Nahum aliweka kaburini meli ndogo aliyoitengeneza kwa kopo la maziwa na spoku moja, na Tshimanga akampa mwanasesere wa marehemu.

"Umutie mu ile mukubwa," alisema. "Hata yeye tu afike."

Wiki iliyofuata treni iliwachukua. Barua haikuja.

Miaka mitano sasa Nahum alimsalimu mwanasesere kila asubuhi. "Léonie, bonjour. Umelala muzuri?" Mvua ikipiga, makopo ya meli yalitoa sauti yao yenyewe, na yeye aliacha kutafuna ili asikie vizuri. Alikuwa na hakika kwamba ni kikohozi cha mtoto. Hakumwambia mtu, kwa kuwa mke alishaondoka na mshahara haukuwa umekuja tangu lini, na mtu wa namna hiyo akianza kusikia vikohozi, watu humalizia wenyewe maneno yaliyobaki.

Gundi ilikuwa bado mbichi askari watatu walipoingia. Hodi hawakupiga. Mbele yao alikuwa Josaphat, shefu wa avenue, mkuu wa mtaa wao, yule aliyehamia nyumba ya Tshimanga jioni ileile Tshimanga alipotoka, na ambaye hata mapazia hajabadilisha. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Njo ile, chef," Josaphat alisema. "Iko na antenne tatu. Na kila asubui anasemaka nayo, minyi nilisikia na masikio yangu."

Vita vilikuwa vimefika kandokando ya mto Lualaba, na mjini walitafutwa wapelelezi wenye phonie, redio za kuzungumza na adui. Mwenye kipande cha waya alitazamwa mara mbili. Nahum aliibeba meli mwenyewe mpaka posti ya askari, kifuani, kama mtu anayempeleka mgonjwa zahanati. Njiani watu waliomjua miaka yote walikumbuka ghafla kwamba wana kazi uani.

Luteni alikuwa kijana mwenye meno mazuri. Pembeni yake sajenti mmoja, Nicodème, alishika kalamu.

"Hii phonie, nani alikupatia?"

"Haina phonie, mon lieutenant. Iko jouet. Minyi njo niliitengeneza."

"Muzee muzima, anacheza na jouet?"

"Iko mu hadithi moya ya mapicha. Angalia ndani, haina hata pile, hata betri moya."

"Pile munaitoshaka inje, mukisikia shiye tunakuya." Luteni aliigusa spoku moja, ikatetemeka. "Bon. Ita."

"Niite nani?"

"Bale unaitaka kila asubui. Kama muntu haitike, unarudia kwako."

Nahum aliona mlango wa kuokoka umefunguka. Phonie ya kweli ya misheni aliijua. Kila mtu Kamina amewahi kupanga foleni pale na kupigia kelele ndugu wa mbali. Akashika kizibo cha chupa kilichokuwa kipaza sauti cha meli, akakisogeza mdomoni.

"Nyota ya Saba, Nyota ya Saba. Léonie, unanisikia? À toi."

Nicodème aliinua kalamu. Wote wakatega masikio, hata Luteni, na alichokiogopa Nahum wakati ule hakikuwa bunduki. Aliogopa kwamba mtoto ataitika.

Hakuitika. Nahum akashusha pumzi.

"Unaona, mon lieutenant. Hakuna muntu."

"Naona. Banajua kama shiye tuko hapa. Balibafundisha muzuri." Akamgeukia sajenti. "Andika: silence radio. Huyu Léonie njo nani?"

"Mutoto. Alikufaka."

"Wapi?"

"Pa gare, nyuma ya dépôt ya chumvi. Mwaka ya quatre-vingt-treize. Minyi na baba yake tulimuzika."

"Baba yake iko wapi?"

"Sijui. Balimufukuzaka."

Luteni na sajenti walitazamana. "Basi uko na rafiki mwenye kasirani," Luteni alisema polepole, "na fasi yenye mulifukiaka kintu. Twende utuonyeshe."

Nahum alikubali haraka. Maskini, bado aliamini kwamba ukweli ukionyeshwa kwa kidole unatosha. Wataona jiwe, wataona urefu wa kaburi, watajua ni la mtoto.

Jiwe lilikuwepo. Majani yalikuwa yameota, na kamba ya mbuzi wa mtu ilikuwa imefungwa hapo. Luteni akamfungua mbuzi kwa adabu, akampa Nahum sepetu.

"Chimba."

"Mon lieutenant, iko kaburi."

"Kama iko kaburi, tutaomba pardon. Chimba."

Alichimba. Jua lilikuwa kali na mikono haikuwa na chakula ndani yake. Meli, waliyokuja nayo askari, ilikuwa imewekwa juu ya jiwe, mwanasesere akitazama shimo. Gundi ya bukari ilikauka vibaya. Mkono ukaanguka mchangani. Alipoinama kuuokota ndipo alipolikumbuka lile kopo la maziwa na spoku yake, na sepetu ikasita.

"Kwa nini unaachia?" Luteni aliuliza. "Endelea."

Aliendelea, pembeni, juujuu, akitafuta mahali pasipo na kitu. Luteni alimnyang'anya sepetu, akampa askari. Mara ya nne bati likalia.

Askari alishuka, akalipandisha kwa vidole viwili. Kutu ilikuwa imelila upande mmoja, na kipande cha kitenge kilikuwa kimeng'ang'ania chini yake. Lakini spoku ilikuwa bado imesimama.

"Andika," Luteni alisema, na meno yake mazuri yakaonekana yote. "Appareil ya pili."

Nicodème aliandika. Walimfunga Nahum mikono kwa spoku moja ya antena, iliyokunjwa kama waya. Aliomba wamruhusu kwanza alifukie shimo, kwa miguu tu, haitachukua muda. Askari walikuwa wakiikagua mashine yao mpya, lile kopo. Akaomba tena, polepole na kwa sauti kubwa, kama watu wanavyosema kwenye phonie.

Hakuna aliyemjibu.