Hodi ya Oili

Usiku wa jana niliota sauti kwanza. Macho yalikuwa bado hayajaletwa.

"Tss. Tss."

Ni ile sauti ya mtu anayekuita msikitini, asitake wengine wageuke. Nikasubiri. Macho yalipofika nilijikuta nimelala chali chini ya dashibodi ya gari la Bibi Nasiha, lile la mwaka hamsini na sita, rangi ya maziwa, ambalo leo saa nne lilitakiwa kumteremsha mjukuu wake Mwanjaa kutoka Lushoto mpaka Mombo akaolewe. Kona za mlima ule kila mtu anazijua.

"Tss. Fundi. Huku juu."

Kilichoniita ni kijiti cha mpera. Nakifahamu, nilikichonga mwenyewe.

Niseme ya mchana kabla sijaendelea na ndoto. Geji ya presha ya oili ya gari hilo iliharibika mshale. Mwalimu wangu, Fundi Hoza, aliifungua akaipeleka Tanga kwa fundi saa. Aliniachia maagizo mawili. La kwanza, lile bomba jembamba la shaba linaloleta oili kutoka kwenye injini mpaka kwenye geji nilizibe kwa skrubu na washa. La pili, nifunge uzi mwekundu kwenye usukani. Ndiyo desturi ya gereji yetu, na wenye magari wote wanaijua: gari lenye uzi haliwashwi mpaka aliyeufunga akague alichoziba, kisha aukate mwenyewe.

Skrubu ya kuingia sikuipata. Nikachonga kijiti, nikakigongelea. Uzi sikufunga. Uzi ni wa watu wanaosahau. Mimi nina beti mia mbili kichwani, zote zangu, na hakuna aliyenifundisha hata mstari.

Basi kijiti kinauliza, "Mimi ni wa muda, siyo?"

"Wa muda."

"Mpaka lini?"

"Mpaka geji irudi."

"Hiyo si tarehe, fundi. Hiyo ni dua."

Sikuipenda jeuri yake. Nikanyanyua mkono nikigongelee tena, na mkono ukasukuma mlango. Niko kwenye korido ya hospitali, jua linaingia madirishani. Kwenye benchi vimekaa vitu vya muda, kila kimoja na kadi yake.

"Mimi niliwekwa nyuma ya tairi la lori," jiwe linanieleza, "ili dereva anywe chai. Kikombe kimoja. Dereva amestaafu."

"Na lori?"

"Limeota nyasi. Mimi bado nazuia."

Kamba ya katani ikakohoa. "Mimi nimeshika mguu wa miwani ya mwalimu mkuu mpaka atakapoteremka mjini. Ameteremka mara mia nne. Wewe umemleta nani?"

"Kijiti."

Vikasogea vyote, vikakipisha kikae. Sikupenda vilivyokitazama. Vilikitazama kama mwenyeji.

"Mgeni wa mshale!" anaita muuguzi. Muuguzi ni saa ya mkononi iliyovaa koti jeupe. Namfuata, na chumba ni meza ya fundi saa, Tanga, joto tupu. Mshale wa geji umelala juu ya pamba, mwembamba, umepinda shingo.

"Wewe ndiye uliyeziba?"

"Mimi."

"Umemwambia nani?"

"Kwani lazima?"

"Miaka yote kazi yangu ni moja," mshale unasema. "Namwambia dereva moyo wa injini unasukuma kiasi gani. Sasa nimelala huku. Pale nilipokuwa pana nini?"

"Tundu."

"Linasemaje?"

Nikageuka. Tundu la dashibodi lilikuwa limetundikwa ukutani kama picha ya ukoo.

"Mimi sina habari," likasema. "Mimi ni tundu."

Kisha tuko barabarani. Bibi Nasiha anaendesha, ameshika usukani kwa mikono miwili. Mwanjaa yuko kando yake na shela jeupe. Mimi niko ndani ya bomba la shaba, nimepeana mgongo na kijiti, na nimeenea vizuri tu. Kona ya kwanza.

"Hodi," inasema oili kutoka upande wa injini. Sauti nzito, ya adabu, ya moto.

"Usijibu," nakiambia kijiti. "Mgeni akipiga hodi tatu asijibiwe, anarudi kwao. Ndiyo ada."

Kona ya pili.

"Hodi."

Kijiti kinarudi nyuma unywele mmoja. Nikaona bora nitoe silaha yangu. Nikasimama ndani ya bomba, nikaghani:

*Kijiti changu imara, hakitoki hakivuji,*
*Mimi fundi mwenye dira, hodi zenu sizingoji.*

Nasikia oili inahesabu mizani, moja moja, haina haraka.

"Zimetimia," inasema. "Vina navyo vizuri. Sasa nipishe."

"Hodi mbili hizo! Ya tatu ikikosa jibu unarudi!"

"Anayerudi ni mtu, kijana. Mimi nasukumwa. Nikitoka hapa nitamwagikia magoti ya bibi harusi, na injini itabaki kavu, ijikaze kama jiwe katikati ya mteremko. Sina ugomvi na yeyote. Nauliza tu. Umemwambia nani kwamba umeziba?"

Swali lile lile. Nikatafuta jibu lenye vina, nikakosa. Nikatafuta lisilo na vina, nikakosa pia.

"Basi," kinasema kijiti. "Kama wewe hujui tarehe, mimi naijua. Ni leo."

Kikajichomoa. Kikanipita, kikaingia mfuko wa shati langu kama mtu anayepanda kitandani mwake, kikajigeuza ubavu.

Kona ya tatu.

"Ho—"

Nikaamka.

Kumekucha. Ukungu umeegemea dirisha la chumba changu, uani kwa Bibi Nasiha. Nilikuwa nimelala na shati la kazi. Nikapeleka mkono kifuani, na mfukoni mlikuwa na kijiti cha mpera. Kimelowa oili. Kichwani kina alama ya nyundo yangu.

Nikatoka bila viatu. Bibi Nasiha alikuwa ameshaketi kwenye gari, ufunguo uko mahali pake, vidole vyenye hina viko juu ya ufunguo.

"Bibi, usiwashe!"

"He! Siku hizi shikamoo mmeifuta?"

"Shikamoo, bibi. Usiwashe."

"Marahaba, Semkiwa. Nataka lipate moto kidogo, baridi hii. Si uliniambia jana kila kitu tayari?"

"Nilikuambia."

"Ukajipiga na kifua."

"Nilijipiga."

"Haya, leo kuna nini?"

Ningeweza kusema nilitaka kukagua tu. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni, yamevaa vizuri. Nikafungua kiganja.

"Bomba la oili nililiziba kwa hiki. Na uzi sikufunga."

Akakichukua, akakinusa, akakigeuza. Akatazama nyumba, ambamo Mwanjaa na shangazi zake walikuwa wakicheka.

"Hiki ndicho kingemfikisha mjukuu wangu Mombo?"

"Ndicho, bibi."

"Na kimefikaje mkononi mwako?"

"Kilichoka."

Bibi alichomoa ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kanga yake nyekundu, akavuta uzi mwekundu kutoka kwenye pindo lilelile, akanipa. Nikaufunga kwenye usukani mbele ya macho yake, mafundo mawili.

"Sasa sema," akaniambia. "Kwa sauti. Na usiniletee vina."

"Nakuahidi, bibi. Skrubu nitaipata kabla ya saa nne, na isipopatikana Mwanjaa atateremka kwa gari jingine. Na nitakachoziba tena maishani, hata kama ni kwa dakika moja, mwenye gari atakijua kabla sijashusha mkono."