Vioo Vilivyokataa Kuoza

Mvua ya Kakamega haibishi hodi. Asubuhi jua linakuchoma utosi, saa tisa mawingu yanashuka, na ole wake aliyeacha mahindi nje. Swafia alilijua hilo tangu utotoni kijijini Shianda. Sasa nani alimtuma, katika Kenya nzima, kusomea hapa kitu kinachoogopa maji kuliko paka?

Kitu chenyewe ni perovskaiti, fuwele inayopikwa kama wino, ikapakwa juu ya kioo, ikatoa umeme wa jua kwa gharama ndogo. Adui yake ni unyevu. Siku chache tu weusi wake unageuka manjano, na ikishakuwa manjano imekufa. Kwa miaka Swafia alizika vioo vya manjano. Mwishowe akaitengeneza fuwele hiyo tabaka tabaka, nyembamba ajabu, na katikati akaingiza molekuli zinazochukia maji, vile mafuta yanavyokaa kati ya tabaka za chapati. Tabaka zikiwa nyembamba mno, umeme unapungua. Zikiwa nene, unyevu unapenya. Alihangaika na kipimo hicho mpaka akakonda.

Lilibaki jaribio la nje, juani na mvuani. Paa la chuo lilifungwa kwa kufuli na mwenye ufunguo hakuonekana, kwa hiyo akaenda mtaa wa Shieywe kwa Shangazi Zeituni, dada ya baba yake aliyemlea. Alivipanga vioo ndani ya beseni uani. "Shangazi, usiviguse, vina madini ya risasi, ni sumu. Maji ya mvua yakijaa beseni, yamwage kwenye jerikeni hili, nitakuja kulichukua mwishoni." Kisha akarudi bweni. Kila Jumamosi asubuhi alivichukua kuvipima maabara na kuvirudisha.

Wiki zikapita, mvua ikanyesha ya kung'oa migomba, na vioo, alhamdulillahi, vyeusi vilevile! Umeme haukushuka. Na ilikuwa nafasi yake ya mwisho: chuo kilikuwa kimesema alete matokeo mwezi huu au jina lake lifutwe. Profesa Makhanu, msimamizi wake, alishaanza kuwatangazia wenzake.

Jumamosi ya mwisho Swafia alifika akicheka peke yake. Akaliinua jerikeni. Jepesi. Akalitikisa.

"Shangazi, maji yako wapi?"

"Maji gani?"

"Ya mvua. Ya kwenye beseni."

"Ebo! Yataingiaje na beseni liko ndani?" Shangazi alikuwa akichambua mboga, hata hakuinua macho. "Nikiona wingu tu, naanua. Nguo, mahindi, beseni lako. Asubuhi narudisha juani. Vitu vya mtoto wangu vinyeshewe nikiangalia tu? Nina roho gani mimi?"

"Nilikuambia usiguse!"

"Ulisema vioo. Vioo sijavigusanga, wallahi. Nimeshika beseni tu."

Wema hauozi, wanasema. Wanaosema hivyo hawajafanya utafiti Kakamega. Swafia alitaka kupiga kelele, lakini unampigia kelele nani? Mwanamke huyu amekimbilia beseni lako kila alasiri na magoti yake mabovu. Alikaa chini kwenye ngazi, akalia kwa hasira.

Kisha akampigia profesa, akamweleza yote. Halafu Makhanu akasema polepole, "Swafia, simu inakatakata. Sijasikia kitu. Nitumie sura ya mwisho ya tasnifu Jumatatu." Haikuwa ikikatakata hata kidogo.

Basi, jambo lilikuwa limemalizika, akitaka. Aandike kwamba vilinyeshewa. Nani atamuuliza Shangazi?

Saa tisa wingu likaja. Shangazi akainuka, mkono tayari. "Nianue?"

"Anua nguo," Swafia alisema. "Beseni liache."

Ikaanza. Matone mazito, kisha mvua yenyewe, ya kuziba masikio. Walisimama barazani wawili, Shangazi akiuma kidole. Robo saa, vyeusi. Nusu saa, vyeusi. Swafia akaanza kupumua. Kisha kwenye pembe ya kioo cha mwisho akaona alama, ndogo kama punje ya mtama. Ya manjano.

Hakujua aliruka baraza saa ngapi. Alijikuta uani, matope hadi vifundoni, beseni kiunoni, akigeukia jikoni. Kioo kimoja tu! Vingine bado vyeusi! Akivikausha sasa hivi, akimtumia profesa ile sura ya tasnifu, nani angejua?

"Swafia!" Shangazi aliita kutoka barazani, kwa sauti ya mtu asiyeelewa kabisa. "Si umesema liache?"

Mvua ilimpiga usoni. Alisimama pale muda, beseni likizidi kuwa zito. Kisha akainama, akaliweka chini palepale lilipokuwa.