Kwa Nini Bibi Anacheka

Jepleting, binti yangu, alikuwa akijifunza Kijerumani mjini Nakuru ili aende Ujerumani kuuguza wazee. Mwalimu wao, Nerima, alikuwa na mtindo wake. Wakisoma hadithi, kila mmoja aliisimulia nyumbani kwa Kiswahili, akamuuliza maswali mtu asiyejua Kijerumani. Kwetu Mau Narok mtu huyo alikuwa mimi. Shule niliiacha darasa la sita.

Jumapili moja baada ya kanisa mimi na Jepleting tulikuwa nje tukichagua viazi vya mbegu. Mama yake, Chelimo, alikuwa jikoni na jirani yetu Wachuka, wakicheka. Jepleting alijua mama yake ana vidonda vya tumbo tu. Ilikuwa saratani, na madaktari walikuwa wameshindwa. Chelimo aliniapisha nisiseme.

"Akijua hataenda," aliniambia. "Na mimi nataka aende."

"Baba, sikiliza," Jepleting akasema. "Kijana anasafiri mbali. Bibi yake aliyemlea anamsindikiza mpaka stesheni, anamchekesha njia yote. Treni inaondoka. Imeisha."

"Imeisha hapo? Hao Wajerumani ni wavivu."

"Baba, wacha! Swali ni, kwa nini bibi anacheka? Darasa yote tulisema ana furaha. Mwalimu akasema hata mbuzi angejibu hivyo."

"Furaha gani? Anajua hatamwona tena. Akilia, huyo kijana atashuka."

"Hiyo haijaandikwa. Mwalimu hataki jibu bila ushahidi. Umejuaje?"

Nikaokota kiazi kingine. Jikoni Chelimo akacheka tena, kicheko kirefu kikaishia kwa kikohozi. Jepleting alinitazama, akatazama mlango wa jikoni, kisha akaweka kiazi chini polepole.

"Baba, Mama anaumwa nini?"

Nilitaka kudanganya. Mdomo ukakataa, nikamwambia ukweli.

Hakusafiri. Alimpikia mama yake uji, akamwosha, akamgeuza kitandani mpaka mvua zikaanza. Chelimo alikula, lakini hakumjibu neno. Mimi alinisemesha mara moja tu, Jepleting akiwa ameenda kuteka maji.

"Baba Jepleting, jikoni nilisikia. Si ungesema tu bibi ana furaha?"

Tulimzika Ijumaa, kwenye matope. Siku hizi Jepleting anapalilia viazi mstari wa pili kutoka kwangu. Tunafanya kazi mpaka jioni, na hakuna anayemuuliza mwenzake kitu.