Kibuki wa Kusingiziwa

Bi Moza hakuwa mwongo. Nalisema mapema, maana kijijini kwetu Kiuyu kuna midomo, na midomo ile ishamla nyama kitambo. Alisema uongo mmoja tu, akausema kwa ajili ya mwanawe. Nani kati yetu, mwanawe akiwa nyuma ya nondo, angekaa kuchagua maneno?

Mwanawe huyo, Fahmi, fundi wa pikipiki, mtu mzima wa miaka ishirini na saba, alirudi kutoka Dar es Salaam kashabatizwa. Angelificha lingefichika; wangapi wana yao vifuani! Lakini Ijumaa moja watu wanatoka msikitini, rafiki yake akamuuliza mbona hakuswali, naye akajibu kwa sauti, mbele ya kadamnasi: "Mimi sasa Mkristo." Lahaula! Watu wakaanza kuokota mawe. Polisi wakaja wakamchukua, wakasema ni kwa usalama wake. Siku ya tatu usalama ule ukageuka kesi ya kuvuruga amani.

Wiki sita akakaa rumande. Dhamana inataka barua ya sheha, na sheha wao, Mzee Haroub, ndiye serikali yenyewe pale kijijini. Bi Moza alimwendea mpaka kandambili zikakatika. Leo muhuri haupo, kesho yuko mkutanoni, keshokutwa anaumwa mgongo.

Kumbe kanisa la Fahmi huko Dar lilituma picha yake nje. Watu wa Ulaya wakaandika barua, balozi akauliza, wizara ikauliza mkoa, mkoa ukamuuliza sheha. Asubuhi moja mgongo wa Mzee Haroub ukapona ghafla, akaja kupiga hodi mwenyewe.

"Bi Moza, Jumatano kuna wageni. Watu wa haki za binadamu. Wanataka kujua kama hapa mtu hufungwa kwa dini yake."

"Si mumemfunga?"

"Taratibu, Bi Moza. Kesi ni ya fujo." Akajifuta jasho. "Mkoani wanataka jambo liishe kabla ya Jumatano. Lakini tukimwachia hivi hivi, vijana watamuua. Pangekuwa na sababu, watu wakaridhika..."

Bi Moza akafikiri haraka kuliko alivyowahi kufikiri maishani mwake. Shangazi yake, Allah amrehemu, alikuwa na kibuki. Kila mtu kisiwani anajua kwamba mashetani nao wana dini zao, na kibuki ni Mkristo, katoka ng'ambo, Bukini, anapenda brandi na hataki kusikia adhana. Kila alipompanda, shangazi aliukimbia mswala. Hakuna aliyemwita kafiri hata siku moja. Alipigiwa ngoma, shetani akapewa alichotaka, na wiki ya pili mama wa watu yuko kwenye hitma anamenya vitunguu na wenzake.

"Ana kibuki," akasema. "Kampanda huko huko Dar. Anayesema si Fahmi."

Mzee Haroub alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Masikini, naye alikuwa anatafuta pa kutokea.

Kesho yake akaleta karatasi iliyopigwa chapa. Bi Moza akaisoma polepole. "Mbona hamna kibuki humu? Mumeandika mgonjwa wa akili."

"Serikali haiandiki kibuki, Bi Moza. Ni yale yale."

"Na hapa, matibabu?"

"Na ngoma si matibabu? Tia saini, mwanao atoke."

Akatia saini. Usiku wote aliwaza wapi atapata wapiga ngoma, na nani atamtilia Fahmi ubani.

Jumatano wakakutana ofisini kwa sheha. Walikuwapo mama mmoja wa Kizungu na mkalimani wake, na daktari kijana aliyetumwa na mkoa. Fahmi akaingizwa, kakonda, shingo inaogelea katika shati. Mzee Haroub akasoma: kesi imefutwa, kijana alikuwa mgonjwa, hapa hafungwi mtu kwa dini yake.

Fahmi akageuka. "Mama, mimi mgonjwa?"

Bi Moza alimkonyeza, akamkazia macho, akamwomba kwa uso mzima: nyamaza, baba, twende zetu nyumbani.

"Mimi mzima," Fahmi akawaambia wageni. "Nimebadili dini kwa akili zangu timamu. Mama anaogopa tu. Msimlaumu."

Mzungu akamsogelea Bi Moza, akauliza kwa upole, mkalimani akafuata. Mwanao ni mzima au mgonjwa? Ukisema mzima, tutasimama naye.

Watasimama naye mpaka lini? Nje ya dirisha vijana walikuwa wamejaa barazani, anawajua majina yao na ya mama zao. Na hawa kesho wako kwenye ndege. 

"Mgonjwa," akasema. "Huyo anayezungumza siye mwanangu."

Mzungu akafunga daftari lake. Gari lao lilipokwisha kuondoka, Bi Moza akamshika Fahmi mkono. "Haya, baba. Twende."

"Bado, Bi Moza," akasema daktari. "Huyu anakwenda Unguja, hospitali ya wagonjwa wa akili. Ndivyo ulivyosaini."

"Nimesaini aachiwe!"

"Kaachiwa. Hana kesi tena."

"Atarudi lini?"

"Akipona."

"Na nani atakayesema kapona?"

Daktari hakuwa mtu mbaya; alitazama chini kabla ya kujibu. "Mgonjwa wa namna hii, Bi Moza, dalili ya kupona ni akubali mwenyewe kwamba maneno yale yalikuwa ya ugonjwa."

Fahmi aliyasikia. Akamtazama mama yake bila hasira, na afadhali angekasirika.

"Sitasema, mama," akamwambia. "Unanijua, sitasema."

Alikuwa anamjua.